Shangazi Hataki Kucheza Mbele ya Simu

Kijana wa koti la kijivu alikuwa anakwenda kwenye usaili wake wa kwanza wa kazi, tena akijiona amependeza, hadi fundi cherehani na binti wa kaka yake walipoketi nyuma yake kwenye treni.

"Shangazi, wiki nzima hujapata mteja. Cheza kidogo tu nikurekodi, niweke mtandaoni watu walijue duka lako."

"Nicheze na magoti haya? Mimi raha yangu kuongea na watu, mwanangu. Mwone huyu wa mbele. Koti zuri, lakini bega la kushoto limejikunja, limenuna."

Kijana alilipapasa bega. Kweli, lilikuwa limenuna.

"Shangazi! Huo ni umbeya, si matangazo!"

"Basi umbeya nauweza." Fundi akainuka na pini mbili, akalituliza bega pale pale. Behewa zima likacheka. Mama mmoja akaulizia sketi yake, mzee mmoja suruali yake, na fundi akawajibu wote, uso umemchanua.

Treni iliposimama binti alikuwa bado anabisha kwamba video ndiyo ingeleta wateja. Kijana alishuka kifua mbele, akimwombea fundi duka lijae watu. Milango ilipofungwa ndipo alipogundua kwamba hakuna aliyeuliza duka liko wapi, na fundi, kwa raha zake, hakulitaja.