Delwyn Haugse (1958–2025): Mkono Alioinua Kwenye Njia ya Tamarack

Tarehe 9 Machi 1958, kwa mujibu wa daftari la vizazi la Kaunti ya Larkin, jimbo la Idaho, Delwyn Arne Haugse alizaliwa nyumbani kwa wazazi wake, Einar na Opal, siku ambayo theluji ilikuwa imefunga barabara ya hospitali. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu.

Alianza Shule ya Pine Flat mwaka 1964 na kumaliza sekondari mwaka 1976. Hofu ya kusema mbele za watu alikuwa nayo tangu utotoni. Alipokuwa darasa la nne, zamu yake ya kusoma kwa sauti ilipokaribia, alijificha kwenye banda la kuni hadi kengele ya kwenda nyumbani. Mama yake alipomuuliza alifanya nini humo siku nzima, alijibu, “Nilikuwa nasoma, mama. Ila kimya kimya.”

Kuanzia 1977 hadi 2019 alikuwa fundi wa magreda ya kaunti. Jumamosi zake zilikuwa za pikipiki, juu milimani, katika njia za vumbi za ardhi ya jimbo. Tarehe 11 Juni 1983 alimwoa Roberta Sundby, aliyeendesha vizuri kuliko yeye na hakuona sababu ya kulificha hilo. Walijaliwa binti mmoja, Karin.

Waendeshaji wa milimani wana desturi yao. Wakikutana katika njia nyembamba, kila mmoja huinua vidole kuonyesha ni wangapi wanaomfuata. Wa mwisho huinua ngumi, maana yake nyuma hakuna mtu. Tarehe 14 Julai 2001, kwenye Njia ya Tamarack, Roberta, aliyekuwa akimfuata Delwyn, alisimama kwenye kivuko cha kijito kukaza mnyororo wa pikipiki yake. Asubuhi hiyo alikuwa ametishia kurudi kambini, na Delwyn akadhani amerudi kweli. Alipokutana na vijana wawili, aliinua ngumi. Wa kwanza, Curtis Amdahl, mwenye miaka kumi na tisa, aliingia konani akiwa katikati ya njia, akagongana na Roberta aliyekuwa akija. Roberta alivunjika nyonga. Curtis aligonga mti, akafa papo hapo.

Kijana wa pili hakuona ishara ile kwa sababu ya vumbi. Ripoti ya ajali iliandika: mwendo wa kasi. Delwyn aliitia saini kama shahidi, na kwa miaka ishirini na miwili hakumwambia mtu ila mkewe. Roberta anasimulia kwamba miaka hiyo yote, kila simu ilipolia, Delwyn alitoka nje kwanza, akihofia ni jamaa za Curtis, ndipo yeye akaipokea.

Majira ya baridi ya 2024, mswada wa kufunga njia zote za pikipiki katika ardhi ya jimbo ulifikishwa kwenye kamati ya seneti mjini Boise. Utangulizi wake ulimtaja Curtis kama mfano wa uzembe wa vijana. Chama cha waendeshaji kikamwomba Delwyn, kwa kuwa alikuwa shahidi wa ajali ile, akatoe ushahidi. Alikataa mara tatu.

“Mzee, wewe ulishuka Mteremko wa Kessler bila breki,” alimtania mwenyekiti, Lamar Stokke. “Leo unaogopa meza na watu wenye tai?”

“Mteremko haukuulizi maswali, Lamar.”

Nyumbani, Roberta hakutania. “Ukinyamaza, mtoto wa watu atabaki mzembe kwenye karatasi za serikali.”

“Na nikisema?”

“Utaogopa. Kwani sasa hivi huogopi?”

Jumanne, tarehe 13 Februari 2024, waendeshaji thelathini na wanane walipanda ngazi za bunge la jimbo wakiwa na mashati yaliyopigwa pasi. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha Delwyn alizungumza kwa dakika nne. Alisema: “Mheshimiwa mwenyekiti, Curtis hakuwa mzembe. Mimi nilimwambia njia ni nyeupe. Aliniamini.” Kisha akaiomba kamati isifunge njia, bali iagize zipitwe kwa mwelekeo mmoja tu. Alipogeuka kuondoka, ndipo alipomwona mama yake Curtis, Bi Joyce Amdahl, katika safu ya pili. Hakuna aliyemwambia kwamba angekuwepo.

Bi Amdahl alimfuata Delwyn hadi nje ya chumba cha kikao. Roberta alikuwa karibu na alisikia yote.

“Mkono upi?” aliuliza Bi Amdahl.

“Wa kushoto, mama. Wa kulia huwa kwenye mpini wa mafuta.”

Aliutazama mkono ule, kisha akashuka ngazi.

Mswada ulirekebishwa, na njia zikabaki wazi, kwa mwelekeo mmoja. Mei 2025 Delwyn aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani tarehe 2 Oktoba 2025, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Alikiri kwamba aliogopa hadi mwisho, naye hakuona haya kulisema.

Ameacha mjane, Roberta, binti, Karin, wajukuu wawili, Signe na Dale, na dada zake, Lorna na Ardis. Mungu ampe pumziko lisilo na hofu.

Kwa nini Bi Amdahl aliuliza mkono upi, hakumweleza Delwyn, na Delwyn hakuthubutu kumuuliza. Hatujui.