Tangazo Lenye Jina la Ihirwe

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, umekwisha, na pale mtaani Kabeza benchi la mbele ya duka la fundi cherehani Usumani lilikuwa limejaa watu wenye udongo viatuni na maneno mdomoni. Usumani, ambaye kijiwe kizima humwita Fundi Lebo, alikuwa akimimina kahawa ya tangawizi. Kando yake waliketi Kalisa wa pikipiki, jina la kijiweni Kofia Mbili, yake na ya abiria, na mzee Zephaniah, karani mstaafu anayeitwa Direkteri kwa sababu hataki cheo kidogo. Mwisho wa benchi alikuwa Ihirwe, simu mkononi, roho imemchafuka. Binti huyu huandika habari za michezo ya video kwenye tovuti moja ya mjini. Hucheza kwanza, ndipo aandike. Sasa asubuhi hiyo kakuta makala ya kuusifu mchezo mpya, Mbio za Moshi, imebandikwa jina lake. Hakuiandika yeye. Iliandikwa na kampuni yenye mchezo, ikalipiwa. Na bosi wake, Bayingana, alikuwa ametoka kumpigia: kampuni imenuna, neno “Tangazo” lililo juu ya makala aliondoe kabla ya jioni. Jina libaki.

— Sasa we uko nalia nini? — akauliza Kofia Mbili. — Toa hiyo neno, kunywa kahawa. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. We uko nacheza gemu, unatunzwa.

— Situnzwi, Kofia. Natumiwa.

— Ariko, lakini gazeti itakula nini? — Direkteri akaingilia. — Hata redio iko natangaza sabuni.

— Redio inasema hii ni sabuni, mzee. Haisemi ni taarifa ya habari.

— Alors, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, — akajibu Direkteri. — Kwa hiyo pikipiki ya Kofia ni kibaya, iko natembea siku mzima!

Benchi likacheka. Ihirwe hakucheka.

— Mimi nitawaambia ukweli, — Kofia Mbili akapandisha sauti. — Hiyo gemu haiko! Iko tangazo tupu. Unailipia, simu inapata moto, wanakwambia ndo moshi yenyewe.

— Wewe unaona karibu, — akasema Direkteri. — Mwaka kesho gemu itajiandikia sifa yake yenyewe. Na sisi tutalipwa kusoma. Na asiyesoma, faini!

— Hapo sasa kazi iko, — Kofia Mbili akasema. — Mimi nitasoma nikiendesha.

Fundi Lebo akaweka chini kikombe.

— Binti yangu, nisikilize mimi. Nashona shati hapa Kabeza. Mteja anataka lebo ya Italia, nampachikia lebo ya Italia. Anatoka hapa kifua mbele. Nani kaumia?

— Na shati likichanika kwapa, Fundi, anakwenda Italia?

Fundi akakuna kidevu.

— Anakuja hapa.

— Kufanya nini?

— Kunitukana, wallahi.

— Basi safari hii wa kutukanwa ni mimi, na shati sikulishona.

Hapo ikasimama pikipiki, akashuka mama ambaye hajawahi kukalia benchi lile: Mukasine, mwenye chumba cha gemu kule Sonatubes. Hata kofia ya pikipiki hakuvua.

— Mwiriwe, — akawasalimu. — Ihirwe sha, nimekutafuta. Nimeona jina yako kwa hii Mbio za Moshi. Nataka kuiweka kwa mashine yangu yote, watoto wanaanza likizo. Niambie kitu moja tu: ni nzuri?

Kofia Mbili akatazama viatu vyake. Direkteri akatafuta kitu mfukoni, asikipate. Saa nzima walikuwa wamebishana juu ya mchezo ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuugusa.

Ihirwe alikuwa ameucheza siku tatu. Gari linazama barabarani, picha inaganda kila kona. Aliyaandika yote hayo, na Bayingana akaikalia makala yake wiki nzima bila kuichapisha. Alikuwa na hasira tangu asubuhi, lakini sasa aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko hasira.

— Mama Mukasine, usinunue. Inaganda. Ile makala siyo yangu, wameniibia jina.

— Sasa mbona ulikuwa umenyamaza?

— Nimekosa. Leo nasema.

Akafungua makala kwenye simu, maana ufunguo wa kurekebisha tovuti alikuwa nao. Neno “Tangazo” akaliacha, tena akalikuza herufi mpaka Direkteri akalisoma bila miwani. Kisha akafuta jina lake. Kazi ile aliipenda, na hakuwa na nyingine.

Kahawa haijapoa, simu ikaita. Akaweka sauti ya juu, kila mtu asikie.

— Ihirwe! Nilikwambia utoe neno, wewe umetoa jina!

— Nimetoa cha uongo, bosi. Cha kweli nimekiacha.

— Unataka kazi ao hautaki?

— Nataka. Lakini hiyo sirudishi.

Bayingana akashusha pumzi, sauti ikawa ya kubembeleza.

— Basi neno libaki. Rudisha jina tu. Bila jina yako, nani ataiamini hii makala?

— Ndiyo maana nimelitoa, — akasema Ihirwe, akakata simu.