Darasa la Kiarabu la Mwalimu Mwanvua wa Kerende

Wazee wetu shikamooni, nanyi nyote mlioacha mashamba na machimbo kuja hapa Kerende, Nyamongo, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Mwanvua Shabani, ambaye mengi aliyoyataka hayakufika mbali.

Marehemu alizaliwa Ujiji, Kigoma, tarehe 14 Aprili 1981, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, sekondari Tabora hadi 2002, kisha akachukua shahada ya ualimu wa Kiarabu Zanzibar, akahitimu mwaka 2006, na huko ndiko alikoshika jambo moja ambalo hakuliachia tena, kwamba lugha huanza mdomoni na kanuni zikafuata, kama watoto wetu wa Kikurya wanavyookota Kiswahili mnadani kabla hawajasikia habari za ngeli.

Mwaka 2009 aliajiriwa na shule moja ya binafsi huku Nyamongo, na tarehe 6 Novemba 2010 akafunga ndoa na Bwana Ramadhani Masanja, mchimbaji kutoka Geita, wakajaliwa watoto wawili, Shani na Hamisi. Darasani alikaa dawati la nyuma, akanyamaza, akawaacha wanafunzi waulizane kwa Kiarabu bei ya ng'ombe na njia ya kwenda Genkuru, wakikosea na kusahihishana wenyewe kwa wenyewe. Wazazi waliochungulia dirishani walisema huyu mwalimu anakula mshahara wa bure, mwenye shule akamtaka awakaririshe wanafunzi kanuni, yeye akakataa katakata, na watoto wakaanza kuhamishwa mmoja mmoja, jambo lililomkondesha kabla hata ya maradhi.

Oktoba 2023 iligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kazi, akawa mtu wa kupelekwa Mwanza kusafishwa damu, na Juni 2024, akiwa kitandani, darasa lake likafutwa. Mumewe alikosa moyo wa kumwambia. Kila alipouliza watoto wanaendeleaje, Masanja alimjibu, "Wanaongea, mama Shani, wanaongea vizuri tu," naye hapo hapo akaanza kupanga somo la wiki ijayo. Alifariki dunia tarehe 9 Februari 2025, hakuna aliyekuwa amemweleza ukweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, majirani mliopika na kulala nasi matangani, na walimu wenzake, hasa Mwalimu Generoza, aliyemuuguza kama ndugu wa damu.

Mwalimu, utusamehe kwa kukuficha, darasani kwako hakuna anayeongea. Pumzika kwa amani.