Mabati Yasishuke kwa Ajili ya Mawimbi

Sikilizeni wanangu, na wewe Byamungu, shemeji yangu uliyenibeba mgongoni kutoka pale gari liliposimama, sogea karibu usikie. Sijaota mvi, lakini anayetangulia ndiye mkubwa, na hospitali ya Mbarara imenirudisha nyumbani kwa sababu dawa zimeshindwa. Kitenge hiki ni cha nesi Gorret, alinifunga mabegani nisipigwe na upepo njiani, kifueni, mrudishieni.

Neno langu ni la mashine ya baba yenu. Isimbi, ulikuwa mchanga, kwa hiyo nakueleza. Baba yenu Sebagabo alizaliwa Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, ambako wimbi humwangusha mtu mzima, na tulipofika hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 2008, tukikaa gizani, alisema maji ya ziwa hili nayo yatatupa umeme. Akaweka mapipa ya chuma yaelee ziwani, akayafunga kamba ya kuzungusha gurudumu la baiskeli lenye dinamo, ili wimbi likipanda kamba ivute, taa iwake. Wavuvi walimtania, "Sebagabo, umelikamua ziwa leo? Tuletee basi kikombe." Meddy, mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Mbarara aliyekuwa akija kwa dada yake hapa, hakucheka, alimletea betri kuukuu ya gari, akasema, "Mzee, hii iko nachoka kama mimi, lakini iko bado na nguvu kidogo."

Mapipa yalilala tu. Asubuhi ziwa hili hutulia kama uji uliopoa, upepo huja mchana, na jioni tunapotaka taa umekwenda zake. Hata ukija, wimbi lake halina kifua cha kunyanyua chuma. Maskini, alilipima ziwa hili kwa jicho la lile alilotoka. Mwisho akafunga madumu matupu ya plastiki badala ya mapipa, na hapo taa ikawaka, ikazimika, ikawaka, betri ikapata chaji ya simu moja, ya mama Mukandoli jirani yetu, maana sisi hatukuwa na simu. Alifurahi kama ameangazia kambi nzima. Kisha malaria ikamchukua.

Sasa Byamungu, unataka kuezua mabati ya nyumba hii uyabadilishe Mbarara kwa dinamo kubwa. Jana uliniambia, "Shemeji, kaka alibakisha kidogo tu, mawimbi ni mingi, hayataisha." Ni kweli hayataisha, lakini ni madogo, na dinamo kubwa haiwezi kuyakuza. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Haya tumeyafika, tunayajua. Mabati hayo watu wa kanisa waliyabeba vichwani kutoka Rugaaga, mvua ikiwanyeshea wao, ili isiwanyeshee watoto hawa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Najua si dinamo unayoitaka, unaogopa kaka yako atasahaulika. Hatasahaulika. Isimbi ana paji lake la uso, mtazame.

Na yule mvuvi Rugamba msimchukie. Ndiye aliyekata kamba ya kwanza, maana ilinasa nyavu zake, lakini mapipa aliyavingirisha mwenyewe hadi mlangoni petu, na siku ya msiba alikuwa wa kwanza kufika na samaki. Mtu akishalia nanyi, habari ya kamba imekwisha.

Shamba la mahindi mlime pamoja. Madumu ya baba yenu yaacheni majini, yachaji simu za majirani upepo ukitaka. Usipotaka, msiligombeze ziwa. Byamungu, niahidi mbele ya watoto. Mabati yabaki.

Umeitikia kwa kichwa. Nimeona, inatosha.

Bwana awafunike kuliko mabati. Awape majirani kama niliopata mimi. Isimbi, nipe mkono... umepoa, mwanangu, jifunike. Maji kidogo... hapana, mpe kwanza baba yako mdogo. Amesimama tangu asubuhi.