Kambi Yupi?

Mapenzi, niinue mgongo unitilie mto, maana nikilala chali kifua kinanikaba. Kaingu, keti hapo nikuone. Nawe Kazungu, usisimame mlangoni kama mgeni. Ingia ndani, keti chini, maana mengi ya maneno haya ni yako, na leo sitaki kukatizwa na mtu. Mimi Kadii, mama yenu, sitoki tena katika nyumba hii ya Mapenzi, hapa mtaani Barani, kwa miguu yangu. Daktari alinificha, lakini uso wa Mapenzi haukuweza kunificha. Basi nisikilizeni ningali na pumzi, na nikisema kwa ukali msiniambie nipoe, kwa kuwa sijapoa wala sina haja ya kupoa.

Baba yenu alikuwa Kambi wa Kenga. Alishuka kutoka upande wa Kaloleni, mimi nikimfuata nyuma na wewe Kazungu ukiwa mgongoni, tukaingia pori ambalo hata mbuzi hawakulipenda. Maji tuliyafuata mbali mpaka shingo ikataka kuingia mabegani. Akasema atachimba kisima, watu wakamcheka, wakamwambia chini ni mawe matupu. Akachimba kwa mtaimbo, mimi juu nikivuta kifusi kwa kamba mpaka viganja vikachunika, na siku maji yalipotoka aliyaonja kwanza, akapanda juu mweupe kwa vumbi la mawe, akacheka kama mtoto, akaniita mama wa Kazungu kwa lugha yetu, "Mekazungu, ni matamu!" Hakumnyima mtu maji yale. Waliotoka ng'ambo ya pili walisema twende kwa Kambi tukateke. Alipokufa, Kaingu ukiwa bado wanyonya, tukamzika karibu na kisima chake, na jina likabaki pale: kituo cha gari kikaitwa Kwa Kambi, shule ilipojengwa ikaitwa Shule ya Kambi, na Mwaura alipokuja kutoka bara akafungua duka, akaandika ukutani Duka la Kambi. Mwaura huyo aliniuliza siku moja, "Mama, hapa zamani ilikuwa kambi ya nani? Ya askari?" Nikamwambia, "Kambi ni mume wangu, na amelala hapo nyuma ya duka lako." Akaona haya mpaka akavua kofia, na tangu siku ile hajanipita bila kuniamkia. Mtu wa bara, hatujui kwao wala yeye hajui kwetu, alielewa kwa neno moja. Nyinyi mliomwita Kambi baba, sijui mliziba masikio na nini.

Akaja Joram. Joram Kambi, mheshimiwa diwani, mwana wa Kambi mwingine kabisa, wa pwani ya huko Ngomeni, mtu ambaye kisima chetu hakukijua hata kwa kuota. Nani asiyejua kwamba Kambi ni jina la watu wengi? Kwetu mtu huitwa kwa jina lake na la baba yake basi. Kambi wako mia, na hawakuzaliwa tumbo moja. Lakini Joram alipotaka kura aliona jina lake limeandikwa kituoni, shuleni na dukani, akaona hapa pamekwisha kutandikwa, kilichobaki ni yeye kuja kuketi. Mnaikumbuka ile siku ya kufungua madarasa mapya, mwaka uliofuata ile njaa kubwa, alivyosimama jukwaani akasema, "Nimerudi nyumbani kwa mzee wangu Kambi." Nikasimama katikati ya watu nikauliza, "Kambi yupi?" Akacheka, akasema, "Mama, Kambi ni Kambi. Sisi sote ni mlango mmoja, ukoo mmoja." Watu wakapiga makofi. Nami nikageuka kukutazama wewe, Kazungu, mwanangu wa kwanza, useme neno moja tu, useme hapana. Nawe ukapanda jukwaani ukamshika mkono. Wiki haijaisha, ukawa dereva wa diwani.

Usilie. Sijafika.

Alipokufa huyo mzee wa Joram, mimi nilikuwa hapa Barani namwogesha mtoto wa Mapenzi. Akaja Priscilla, jirani yetu wa kule shambani, na tope la njia miguuni, akanivuta kando. "Dada Kadii," akasema, "kule kwako wanachimba kaburi, ubavuni mwa mume wako. Kazungu ndiye aliyewaonyesha mahali." Nikadhani nimesikia vibaya. Wapimaji wa ardhi walikuwa wakitarajiwa baada ya mvua, na kila mtu ajua jambo la kwanza wanaloulizwa watu: wazee wenu wamelala wapi? Penye kaburi lako ndipo penye shamba lako. Joram hakutaka kumzika babake, alitaka kumpanda. Kaburi la Kambi, kwenye shamba la Kambi, penye kisima cha Kambi, na mtoto wa Kambi ni diwani. Nani angemwuliza tena Kambi yupi? Na mlango wa kupitia alikuwa mwanangu mwenyewe.

Nilifika asubuhi mvua ya masika inamwagika. Shimo lilikuwa tayari na wachimbaji wamekwenda kunywa chai. Sikumwita mtu. Nilishuka ngazi yao, nikaketi chini kwenye tope, nikajifunika kanga, nikangoja. Mapenzi, ulikuja ukanisihi, ulipoona sitoki ukamwachia Priscilla mtoto, ukashuka ukaketi nami. Hilo nitakwenda kumwambia baba yako. Wakaja na jeneza. Nikaona vichwa vyao juu yangu, na sauti ya kwanza kusema ilikuwa yako, Kazungu. Hukuuliza, "Mama, una baridi?" Ulisema, "Mama, unatuaibisha."

Aibu! Mimi niliyevuta mawe ya kisima kwa mikono hii nikuaibishe wewe!

Joram akasema, "Mtoeni huyo mzee." Nikawaambia, "Atakayenitoa na aje anivue hii kanga kwanza, kisha aende akawaambie watoto wake alichokiona." Hakushuka mtu. Mvua ikazidi, maji yakanifika kiunoni, wanaume wakalishusha jeneza chini kwa kuchoka, mchungaji akafunga kitabu chake. Ndipo akasogea mwanamke mzee kuliko mimi, anatembelea fimbo, akachungulia shimoni. Huyo ni Easter, dada ya marehemu. Akaniuliza, "Mwenzangu, aliyelala hapo kando ni nani?" Nikamwambia, "Ni mume wangu, Kambi wa Kenga." Akauliza, "Ana udugu na kaka yangu?" Nikamwambia, "Ana udugu wa jina tu." Easter akamgeukia Joram mbele ya watu wote, akasema, "Kaka yangu ana kwao, na mama yetu amelala kule anamngoja. Wewe unataka kumlaza baba yako kwa watu wasiomjua, usiku aulize njia?" Akalipiga jeneza kwa fimbo. "Inueni. Tunarudi Ngomeni." Wakainua. Joram alifuata nyuma, viatu mkononi.

Kile kifua nilichokiokota shimoni ndicho hiki kinachonimaliza. Sijutii.

Sasa shikeni maneno. Shamba msiligawe vipande, limeni pamoja. Kisima kisifungwe kwa mtu yeyote, hata Joram akija na kiu mteke maji mumpe, maana baba yenu angempa. Easter mwamkieni kama shangazi yenu, na nikifa apelekewe habari kabla ya jamaa wote. Msinizike katika shimo lile, hata kama Kazungu alilifukia kwa mikono yake. Lilichimbwa kwa hila. Nichimbieni jipya upande wa pili wa baba yenu.

Na hili ndilo zito. Kwetu mjukuu ndiye hulirudisha jina la babu. Kazungu, mkeo ni mzito, na huenda safari hii akajifungua mwana wa kiume. Usimwite Kambi. Nimekataa. Ulilitoa jina la baba yako kwa mtu baki, basi halimo tena mkononi mwako. Kaingu ataoa, na mwanawe wa kwanza ndiye Kambi. Hilo ni lako, Kaingu, na ukililegeza nitakurudia ndotoni. Wa Kazungu atafutiwe jina kwa wakwe zake.

Maji... nipe maji, Mapenzi, hapana, si ya kunywa. Niwekee kinywani, niwatemee baraka. Kaingu, lete kifua. Thoo. Ukae, uzae, ufike uzee. Mapenzi, binti yangu... thoo... mkono wako usipungukiwe na kitu. Ongeza maji, kinywa kimekauka.

Kazungu. Sogea. Sogea nawe, nimesema, sikuoni. Hasira yangu haijaisha, na sitakudanganya kwamba imekwisha. Hiyo naondoka nayo mimi. Wewe ni... ni wewe uliyekuwa mgongoni. Fungua shati. Mapenzi, nishike kichwa... maji kidogo tena... Thoo. Ubarikiwe... mwanangu... ubarikiwe na wale wasichana wako, na huyo... huyo anayekuja, jina lolote mtakalompa.

Basi. Nilazeni.