Mwanamfalme wa Mapokezi

Kijiwe chao ni benchi la chuma nje ya kafeteria ya Mubin, mtaa wa International City huko Uarabuni, pale basi linapowashusha walinzi wa zamu ya mchana. Jioni ile kahawa aliitoa mlinzi mwenzao Lawrence, maana Jumamosi anavishwa usupavaiza. Furaha alikuwa nayo, na hofu pia: wenzake hawa, Hudson waliyembatiza Profesa na Twaibu, Mganda waliyembatiza Redio, ndio atakaowasimamia. Akaomba ushauri. Wakamletea mfano wa Shahyar Mirza, mwanamfalme wa Uajemi ya kale ambaye picha yake imetundikwa mapokezi ya hoteli wanayoilinda kule Garhoud.

Redio: Mwige yule! Mtoto wa mfalme, kapewa ugavana wa mkoa mzima, na bado anakaa kizingitini kusikiliza shida za watu. Wageni wa Iran wakiiona picha hushika kifua kwa heshima, wallahi.

Lawrence: Na walinzi wake aliwasikiliza?

Profesa: Hao ndio wa kwanza, bana! Askari akisinzia lindoni, gavana anashika mkuki, anamlindia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Redio: Hiyo methali hapo inafanya nini, ssebo?

Profesa: Inalinda.

Redio: Sawa. Mimi nasikia alichimba mfereji kwa mikono yake, mkoa wote ukanywa maji.

Profesa: Mfereji tu? Alipanda mikomamanga jangwani, ikazaa wiki hiyohiyo! Penye miti hapana wajenzi.

Redio: Na alipohamishwa, milima ilimsindikiza hadi mpakani.

Profesa: Khalas! Huyo ndiye boss. Lawrence, kuwa hivyo.

Lawrence alicheka, moyo ukamtulia. Kama mtoto wa mfalme aliweza kukaa na watu, mtoto wa Bungoma atashindwaje?

Metrine, mlinzi mgeni aliyetua juzi kutoka Kitale, alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

Metrine: Samahani. Huyo prince, kahawa alikuwa anakunywa na nani?

Redio akamsogezea Profesa kikombe. Profesa akatikisa birika. Tupu.

Lawrence: Yalla, naongeza.

Akainuka. Na wao, kwa mazoea ya kazi, wakasimama wima wote kama mbele ya supavaiza.

Lawrence: Kaeni, bana!

Wakakaa huku wakicheka. Aliporudi na birika la moto, alikuta wamemwachia nafasi katikati ya benchi lile walilozoea kubanana mabega. Ilikuwa nafasi ya watu wawili. Ikamuuma kweli: wameshamtenga kama bosi. Akawamiminia kahawa mmoja mmoja, bado amesimama.