Mistari ya Mzee Chokaa

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, kifungua mimba wake, niwasomee maisha ya mzee wetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Chokaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika nyumba ya mvushaji, kwenye kona ya pili ya mto, mahali ambapo leo ni kituo cha basi, akasoma shule ya msingi kule kilimani kuanzia 1949 hadi 1956, na tarehe 2 Januari 1962 akaajiriwa na idara ya maji kusoma kipimo cha mto chini ya daraja la mawe, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1996. Kila baada ya mafuriko alibeba ndoo ya chokaa, akachora mstari palipofika maji na kuandika tarehe, kwenye nguzo za daraja, kwenye ukuta wa soko, kwenye jengo la kinu cha zamani cha kusagia nafaka, hata watu wakamtania kwamba ukisimama sana ukingoni nawe utapakwa chokaa.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Agosti 1965, wakajaliwa watoto wanne, na tarehe 21 Aprili 1978 mto ukamchukua kitinda mimba wetu, binti wa miaka sita, mle ndani ya kinu, ambako mstari wa siku ile haumfiki mtu mzima kifuani, na baba aliuchora mwenyewe huku akilia.

Alianza kuugua moyo Februari mwaka huu wa 2019, na tangu Machi hakunyanyuka kitandani, lakini asubuhi ya tarehe 6 Mei tulikuta sebuleni mstari mbichi, juu ya dirisha, kwa mwandiko wake, wenye tarehe 19 Mei, yaani Jumapili ijayo. Mto umekauka hadi mawe yanaonekana, nasi tukataka kuufuta, ila mama alikataa katakata, akasema mzee hajawahi kukosea kipimo, na kwamba yeye hahami, kwa kuwa maji hayo yanamrudishia mwanawe. Gauni dogo ameshalipiga pasi.

Marehemu alilazwa tarehe 7 na kufariki tarehe 9 Mei, saa moja asubuhi. Tunaogopa, hatufichi, na heri tuchekwe, hivyo tukitoka makaburini leo tutampandisha mama kilimani, hata akitununia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa idara ya maji, na majirani mliojitolea kubeba vitanda vyetu kwenda kilimani.

Pumzika kwa amani, baba, na mto ukikuuliza tumehamia wapi, usiuambie.